Taya la Mpuliza Zumari

Gidan Busa, 12 Julai 1984

Kwa Delu, binti wa shangazi yangu, mtumwa wangu wa kurithi kwa utani wa mabinamu,

Salamu nyingi kuliko akili zako. Mimi mzima, sijui wewe na mgongo wako. Hizo kosai zako, bagia za kunde, bado zinawavunja watu meno hapo kwenye lango la hospitali?

Umekuja sikukuu, umekula nyama yangu, ukaniaibisha mbele ya watu wa ikulu eti nimeficha kibuyu shavuni. Mjinga wewe! Miaka thelathini na tisa napuliza zumari mbele ya farasi wa Sarki, mfalme wetu. Shavu langu lisipovimba, livimbe la nani? Marehemu baba alikuwa nayo mawili. Mimi mvivu, nina la kushoto tu.

Kweli lina ugumu kidogo. Na magego mawili yameng'oka yenyewe nikitafuna kokwa ya goro, bila maumivu. Nimeshukuru: kinyozi na koleo lake hanipati tena.

Bwana wako,
Tanimu

*

Zaria, 2 Agosti 1984

Kwa Tanimu, mpiga kelele,

Hujambo? Sisi hatujambo, na mgongo wangu una akili kukushinda.

Sasa sikiliza, mbwa wewe. Shavu la pumzi hujaa ukipuliza, ukiacha hunywea. Lako nililitazama ukiwa umelala unakoroma: limekaa vile vile. Mwaka wa kumi na moja huu nauza kosai mbele ya kliniki ya meno. Nawaona wanaoingia na mataya kama lako, wamejifunga vitambaa, na kila mmoja husema hakuumi, hakuumi. Nimemweleza Daktari Umaru, anayekula kwangu kila asubuhi. Amekuandikia barua, hii hapa, ina muhuri. Njoo nayo kabla ya Sikukuu ya Kuchinja.

Bibi yako kwa haki ya damu,
Delu

*

Gidan Busa, 20 Februari 1985

Kwa Delu, fundi wa uongo,

Salamu. Huku baridi imeondoka, wake zangu wazima, nawe Mungu akupunguzie maneno.

Barua ya "daktari" nimeisoma kwa sauti langoni pa ikulu. Gambo, mlinzi wa lango, amecheka mpaka kilemba kikaanguka. "Huyo mtani wako," anasema, "hata shetani anamwogopa!" Delu, ulidhani nimesahau? Nani aliyenitumia barua ya Sarki kunifukuza kazi, ikiwa na muhuri uliochongwa kwa kiazi? Siku mbili nzima nililia. Safari hii kiazi umekichonga vizuri zaidi, hata herufi zimenyooka. Nimeibandika ukutani wageni waione.

Hapatikani punda wa kudanganywa mara mbili.

Bwana wako,
Tanimu

*

Gidan Busa, 9 Juni 1987

Kwa Delu,

Salamu, na poleni kwa kunitafuta. Nimefika nyumbani. Nisamehe kutoroka wodini bila kuaga, tena na shuka lao.

Basi muhuri ulikuwa wa kweli. Karibu miaka mitatu nimeutazama ukutani nikicheka, mpaka tonge likawa halipiti upande huu, na taya ukilibonyeza linalia kama ganda la yai; ndipo nikaja kwenu Zaria.

Daktari Umaru aliposema si saratani, nilitaka kucheza ngoma. Ni uvimbe mpole, anasema, umeota kwenye mbegu ya jino, hautembei kwenda kwingine. Kisha kwa sababu ya mpole huyo wanikate taya nusu, kuanzia kidevuni mpaka chini ya sikio. Mpole gani anayekula nyumba aliyokaribishwa? Nikamwuliza, "Na zumari?" Akamtazama mwenzake.

Midomo isiyo na mfupa nyuma haishiki mwanzi. Na pale ikulu mpulizaji asiyepuliza hupewa fagio la kinyesi cha farasi. Niache na meno yangu matano.

Bwana wako bado,
Tanimu

*

Zaria, 1 Julai 1987

Kwa fisi mwizi wa mashuka,

Hujambo? Mimi sijambo kwa hasira.

Rudi. Nani amekuomba upulize? Hata farasi wamechoka. Mimi nataka mtu wa kumtukana, na aliyebaki ni wewe. Daktari anasema leo bado upo mfupa wa kushikilia chuma cha kuunga taya, kesho hautakuwapo. Rudi, mbwa, nakuomba.

Bibi yako,
Delu

*

Gidan Busa, 30 Julai 1988

Kwa Delu,

Salamu. Naandika kwa sababu kusema siwezi.

Taya limevunjika. Siku ya sikukuu, mbele ya farasi wa Sarki, nikiwa nimejaza pumzi, likalia ndani ya kichwa kama bua la mtama. Zumari ikatoa sauti ya mbuzi. Watu walicheka sana. Walidhani nafanya mzaha. Sasa nanywa fura tu, mtama na maziwa, tena kwa upande, na nusu yake inaishia kifuani.

Kesho Gambo ananileta kwa lori la vitunguu. Wakate watakacho.

Binamu yako,
Tanimu

*

Zaria, 5 Oktoba 1988

Kwa kaka yangu mpendwa Tanimu,

Asalaam aleikum. Natumaini ulifika salama na unapumzika vyema pamoja na jamaa wote. Nakuomba unywe maziwa kila siku ili upate damu. Daktari Umaru anakusalimu kwa heshima, anasema ukae kwanza nyumbani, watakuita kwa upasuaji ukipata nguvu. Usiwe na wasiwasi. Mungu akulinde, ndugu yangu.

Dada yako mnyenyekevu,
Delu

*

Gidan Busa, 19 Oktoba 1988

Delu,

Salamu. Barua yako nimeisoma mara nne nikitafuta tusi. Nimegeuza hata bahasha. Hamna.

"Mpendwa"! Tangu tukitambaa hujaniita hivyo, hata siku ya ndoa yangu ulinimwagia majivu. Basi nimejua walichokuambia nje ya mlango. Hawataniita. Niliuona mkono wa daktari ukipapasa chini ya jicho langu, ukasimama pale. Uvimbe umefika huko kusikokatika, yule mpole.

Sikulaumu. Ulinieleza kweli kwa mdomo ule ule wa mzaha, nami sikuwa na sikio la pili la kukusikilizia.

Naomba kitu kimoja. Andika tena. Anza na mbwa, anza na fisi, utakavyo. Ukinipa adabu, umeshanizika.

Bwana wako,
Tanimu

*

Zaria, 2 Novemba 1988

Kwa kaka yangu Tanimu,

Salamu. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi mpaka kosai zimeungua. Nimeandika mbwa, nikafuta. Nimeandika fisi, nikafuta.

Tusi halitoki, kaka.

Delu