Tulipomfuata Mama Missouri

Kansas, Machi 1859

Kaka yangu Reuben,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na shemeji Hester na watoto, hasa huyo wa mwisho ambaye bado sijamwona. Naomba Mungu kifua chako kiwe kimepata nafuu, na baridi ya huko Kanada iwe imeanza kulegea. Mimi mwili ni mzima. Usiucheke mwandiko wangu. Ni mke wa Kapteni Thrall anayenifundisha, naye ni mkali kuliko mumewe. Barua hii nimemkabidhi fundi viatu anayekuja huko kwenu Chatham. Ukishaisoma, itie motoni.

Najua umekwisha kumwandalia mama chumba. Uliniandikia kwamba umeweka jiko la chuma, na kitanda karibu na dirisha ili aone watu wakipita. Kaka, chumba hicho wape watoto. Mama haji. Nilitaka kukuambia taratibu, lakini sijui taratibu inaanzia wapi.

Bwana Pruitt alikufa wakati wa kuvuna katani, na mwezi wa Desemba tukapata habari kwamba watumwa wake, mama akiwa mmoja wao, watagawanywa na kuuzwa. Nikamwendea Kapteni Thrall. Huyu ni mzungu aliyeacha shamba lake mashariki akaja huku kupigana na wenye watumwa kwa bunduki, kwa kuwa anasema hotuba za kuwabembeleza zimemchosha hata Mungu. Hakunihoji sana. Alisema, "Mama yako ni mama yangu. Tandika farasi."

Tulivuka mpaka wa Missouri, watu sita na gari moja la farasi, tukafika Jumapili asubuhi, wenyewe wakiwa kanisani. Theluji ilikuwa imefunika hadi uzio. Mama alikuwa jikoni anakaanga nyama ya nguruwe. Aliponiona aliangusha uma, akanishika masikio yote mawili kama zamani, akaniuliza huko kwenye uhuru watu hawali, mbona nimekonda kama ufito? Nikacheka, kaka. Sijacheka tena tangu siku hiyo.

Kumbe nyumba haikuwa tupu. Warren, mwana wa Bwana Pruitt, alikuwa amebaki kwa sababu ya jino, shavu limevimba na kufungwa kitambaa. Ndiyo, Warren huyo huyo, ndugu yako wa kunyonya. Ziwa la kulia lake, la kushoto lako, kama mama alivyozoea kututania. Alisikia sauti akaingia jikoni, na Kapteni akamwelekezea bunduki kifuani.

Kapteni alisema huyu akibaki hai, kabla hatujafika mbali atakuwa juu ya farasi akitufuata. Mama akajipenyeza katikati yao, mwiko mkononi. "Wewe mzee na midevu yako," akamwambia, "huyu nimemnyonyesha mimi. Ukitaka kumpiga, anza na mimi." Kisha akanigeukia: "Na wewe Isham, umesimama hapo kama gogo. Sema neno!"

Nikasema. Warren alikuwa akilia, akaapa kwa kaburi la baba yake kwamba hatatoka ndani mpaka jioni. Nami nikamsihi Kapteni kwa heshima ya mama. Akaishusha bunduki. Akasema sawa, lakini litakalotokea ni juu yangu. Nikamfunga Warren kwenye kiti. Mama akaniambia nisikaze sana, mikono itakufa ganzi na mtoto anaumwa. Nikalegeza.

Tuliondoka na mama na wenzake watatu wa shambani. Alijifunika blanketi, akawa anauliza habari zako: Reuben ana nyumba ya ghorofa? Mkewe anajua kupika? Tulipofika kwenye kivuko cha kijito, barafu ikapasuka na gurudumu likazama. Nilimbeba mgongoni msichana mmoja, nikamvusha kwanza, kwa sababu mama alisema yeye anaweza kungoja.

Ndipo walipotokea wapanda farasi, Warren mbele yao, kitambaa bado kimemfunga shavu. Wenzetu wawili walikufa majini. Nilitaka kurudi, Kapteni akanikamata ukosi na kuniburuta vichakani. Kwa mbali nilimwona Warren akimteremsha mama garini, polepole, amemshika mkono. Kwa upole ule nikapata matumaini. Nilijiambia, mtu aliyemshika hivyo hatamdhuru.

Alimuuza wiki ile ile. Mwanamke mwenzetu aliye huru, anayefua nguo mjini kando ya mto, aliwaona mama na wengine wakipandishwa kwenye meli ya kwenda New Orleans. Anasema mama aliomba aachwe afie jikoni kwake. Warren alilia mbele ya watu, akamwambia, "Umenivunja moyo, Mama Dicey," kisha akamkabidhi kwa dalali. Zaidi ya hapo hakuna ajuaye. Nimeuliza kwa kila mtu anayefika kutoka kusini. Ni kama kuuliza tone limeingia wapi baharini.

Sasa kaka, kaa chini.

Mwezi uliopita nilirudi Missouri peke yangu, bila kumwambia Kapteni. Nilimngoja Warren kwenye njia ya kinu, mchana kweupe. Alikuja akitembea, anamwongoza farasi aliyekuwa akichechemea. Aliponiona hakukimbia. Nilidhani atanitukana, au ataomba huruma kama siku ile, na nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Lakini aliniuliza, "Isham, Reuben hajambo? Yuko hai?"

Nilimpiga risasi.

Nilidhani baada ya hapo kifua kitapata nafasi ya kupumua. Hakikupata. Kapteni aliposikia alinipiga begani, akasema sasa nimekuwa mwanajeshi, na kwamba kuna kazi kubwa zaidi mashariki, na wengi wetu hatutarudi. Nimekubali kwenda. Usidhani ni ushujaa. Vita vinakuja, kila mtu huku anavinusa, wala mimi sioni kitakachonirudishia mama hata tukishinda. Naenda tu kwa sababu sina pengine pa kwenda. Kwako siwezi kuja nikakaa kwenye chumba kile.

Nisalimie shemeji Hester, mwambie asante kwa soksi. Wabusu watoto kwa niaba ya baba yao mdogo. Wewe jitunze kifua, usikate kuni kwenye upepo.

Na kama kwa muujiza wowote mama atafika mlangoni kwako siku moja, akuulize Warren alikufaje, mwambie ni Kapteni.

Mdogo wako,

Isham