Jani la Toja

Kambi ya Wanajeshi,
Port Moresby.
9 Agosti 1967

Kwa dada yangu Bebora,

Zipokee salamu za mdogo wako Silas, na ukishazipokea uwagawie wote wa upande wa mlimani ambao bado wananikumbuka. Goti lako linaendeleaje? Magimbi ya mwaka huu yameshika, au nguruwe wa jirani wameyafukua tena? Sisi huku ni wazima. Mke wangu anakohoa kidogo, nami nimeota kitambi ambacho ukikiona utacheka mpaka ukae chini.

Habari niliyo nayo ni hii. Mwezi uliopita alikuja hapa kambini bwana mmoja Mwaustralia, mpole, mwenye daftari nene, anayeandika historia ya kikosi chetu tangu siku kilipoundwa. Sisi wazee tuliobaki tuliitwa mmoja mmoja kwenye ukumbi wa maofisa, tukapewa chai na viti vyenye mito, viti ambavyo zamani zile tuliruhusiwa kuvifuta vumbi tu. Nilimsimulia tulivyoandikishwa, tukapewa bunduki na kitambaa cha kiunoni, viatu hakuna. Nilimsimulia pia majina tuliyoitwa na wale waliotufundisha kulenga shabaha. Aliandika yote, hata matusi.

Kisha akanisomea aliyokuwa ameshayapata kwenye ripoti za wakati wa vita. Dada, kitabu hicho kinasema kwamba wenzetu watatu waliuawa kijitoni kwa sababu mwenyeji mmoja aitwaye Toja, aliyekuwa akiwaongoza Wajapani, aliacha alama njiani ili atuvute mtegoni. Ni mumeo huyo. Litachapishwa hivyo, na watoto wa shule watalisoma jina lake kama jina la msaliti. Nilimwambia yule bwana kichwa kinaniuma, nikatoka nje. Tangu siku ile sili vizuri, na nimeona heri wewe uyajue kabla kitabu hakijatoka.

Unakumbuka mwaka ule wa 1942 Wajapani walipotua pwani wakaanza kupanda milimani kuelekea Kokoda. Sisi tulikuwa wanane chini ya Sajini Pruett, mzungu mwekundu kama kamba aliyechemshwa, lakini mtu wa haki. Asubuhi moja tuliwavizia Wajapani saba kwenye shamba la magimbi. Goada, rafiki yangu Mmotu wa pwani, alimpiga wa kwanza risasi ya koo. Mimi nilimfuata mmoja aliyekuwa akitambaa kuingia kwenye mashina, nikamchoma singe chini ya mbavu. Ikanasa, nikalazimika kumkanyaga kifua ili niing'oe. Mdomoni mwake mlikuwa bado na wali. Goada akanicheka, akasema, "Nyie watu wa mlimani mnachoma mtu kama mnachimba magimbi." Nikamjibu kwamba wao wa pwani wakiona damu huulizana mtumbwi uko wapi. Tulicheka huku mikono imelowa. Ndivyo tulivyokuwa, sikufichi.

Jua lilipofika utosini nikaona jani la tangawizi mwitu njiani, bichi, limekatwa kwa ukucha. Sisi wa huko kwetu, mtu akipita huacha jani la ukoo wake ili ndugu wanaokuja nyuma wajue, na tangawizi ni jani la ukoo wa Toja. Nilikuwa nimesikia kwamba Wajapani wamemkamata na kumbebesha mizigo. Nikamwambia Sajini kwamba mbele yuko shemeji yangu, anatuonyesha njia iliyo salama. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo.

Rashasha ya Wajapani ilitungoja mpaka tukafika katikati ya kijito, maji magotini. Risasi ya kwanza ilimng'oa Goada taya, akanigeukia akitaka kusema kitu na hana cha kusemea. Askari mmoja wa kisiwa cha Kiwai alianguka kifudifudi, hakuinuka. Sajini alikatwa miguu yote miwili, akawa anajivuta ukingoni kwa viwiko, akituamuru turudi, mpaka wakaja kummaliza kwa panga. Mimi nilikuwa chini ya mizizi, pua tu juu ya maji, na maji yale yalikuwa mekundu.

Siku mbili baadaye nilimkuta Toja peke yake kwenye kinamasi cha mitende ya sago. Alikuwa amewatoroka, mabega yamechunika kwa kamba. Aliponiona alifurahi, dada. Alisema, "Shemeji, umekonda. Hao weupe wako hawakulishi?" Nikampiga kitako cha bunduki mdomoni. Nilimuuliza ametuuza kwa kitu gani. Alitema meno, akanitazama kama mtu anayemtazama mlevi, akasema, "Nililaza jani kukata njia, Silas. Kukata njia. Tangu mvae mkanda wa serikali hamwoni?"

Wewe na mimi tulijua jambo hili kabla hatujajua kuongea vizuri. Jani likielekeza ncha mbele, maana yake nifuate. Likilazwa kukata njia, maana yake rudi. Na jani lile lilikuwa limekata njia. Nililiona. Nilijiambia kwamba buti la Mjapani limelisukuma, kwa sababu nilitaka sana kuwa mtu wa kumwambia Sajini kitu asichokijua. Toja alituonya, nami nikawapeleka wenzangu wakafe.

Hapo ndipo nilipomchoma. Si kabla sijajua, ni baada ya kujua. Nilimchoma mara mbili, kwa sababu angebaki hai angesema, na watu wangejua ni nani aliyemuua Goada. Alinishika mkono mpaka mwisho. Ile ripoti ya Toja msaliti ilitoka kinywani mwangu, na wewe nikakuambia amekufa kwa kuhara akibeba mizigo.

Nilipopata mwana wa kwanza nikampa jina la Toja, ulilia, ukanishukuru kwamba nimemwenzi mumeo. Babu zetu walimpa mtoto jina la marehemu kwa sababu mbili: kwa kumpenda, au kwa kuwa wamemuua kwa mkono wao. Hukuniuliza ni ipi.

Jana nilirudi kwa yule bwana nikamwambia kila kitu, alifute jina la mumeo hapo na aandike langu. Ameahidi kufanya hivyo. Mimi sikuombi msamaha, naona haya.

Na wewe unayemsomea haya, Toja mwanangu, kwa kuwa shangazi yako hajui kusoma nami nilikosa moyo wa kuja mwenyewe: kama umeruka mstari wowote, rudi uusome. Yeye amekupenda miaka yote hii kwa ajili ya mtu niliyemuua. Ukimaliza, mpe karatasi hii mkononi, ukae palepale mbele yake, usinitetee. Ngoja mpaka akuite, na jina lolote atakalokuita, itika.

Wasalimie majirani na wote wa kanisani.

Ni mimi mdogo wako,
Silas Sorova