Tisa Waliookota Karatasi

Jumanne, 9 Januari 2018

Hamna kitu. Miezi saba ndani ya chumba kisicho na dirisha, watu themanini na wanne — na hamna kitu! Nusu walisubiri penye saa ya ukutani, ile ya kelele. Nusu bila saa. Kisha naingia mimi, najifanya nimeangusha karatasi. Nilisema wa saa watakuwa na haraka, hawatainama kunisaidia kuokota. Wameinama ishirini na mmoja kati ya arobaini na wawili. Wasio na saa, ishirini na sita. P, yaani uwezekano kwamba tofauti hiyo ni bahati tu, ni 0.27. Ukiwa juu ya 0.05 hakuna jarida litakalokutazama usoni.

Nimekula mkate na jibini mezani kwangu, peke yangu.

Jumatano, 10 Januari

Profesa Harmsen, msimamizi wangu, hakukasirika. Bora angekasirika. Alikoroga kahawa, akasema matokeo yapo, yamefunikwa na takataka tu. Niwapitie tena wale wa saa walioinama. Lazima wapo waliokuwa kwenye simu, waliosinzia. Hao si wa kwetu.

Nikamuuliza, na wale ambao hawakuinama, nao niwapitie?

Akacheka. "Wietske, kwani wewe unataka kumaliza lini?"

Mkataba wangu unaisha Juni. Anajua.

Jumatatu, 15 Januari

Nimepata tisa. Mmoja alitazama simu mara mbili. Mmoja alipiga miayo. Mmoja — naona aibu hata kuandika — alikuja kalowa mvua, nikaandika "hakutulia". Nani hutulia akiwa kalowa?

Namba 52 ni Mama Aaltje wa kantini. Alivua miwani akawa anaifuta. Nimeandika "akili haikuwepo". Na ndiye aliyepiga magoti akaokota mpaka karatasi ya chini ya kabati, huku ananisema: binti, wewe huna mikono?

P ni 0.03. Harmsen kanipigapiga begani. Wote tisa wana kosa moja tu: walinisaidia.

Alhamisi, 17 Mei

Tasnifu imetoka kwa mchapaji. Nakala mia mbili, jalada la bluu, saa katikati. Mama yangu ameshanunua kofia ya siku ya kutahiniwa.

Mpango wa utafiti, ule tuliouandika kabla ya kuanza na kuufunga kwa tarehe mtandaoni ili tusiubadilishe, unasema hatumtoi mtu yeyote ila aliyetoka chumbani kabla ya wakati. Hakutoka hata mmoja. Nimemkumbusha Harmsen. Eti nani anausoma ule?

Mama Aaltje kaomba nakala, akajione. Nimempa. Nikasaini na "kwa shukrani"! Mnafiki mkubwa mimi.

Jumapili, 10 Juni

Yupo anayeusoma. Profesa Goossens, mtahini kutoka Ubelgiji, amemwandikia Harmsen: kwenye mpango watu 84, kitabuni 75, tisa wako wapi? Harmsen kanitumia barua ile na mstari wake mmoja juu: "Kumbuka, kuwatoa ilikuwa kazi yako."

Kazi yangu! Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, wanasema. Haya.

Nimeamua. Goossens akiniuliza Ijumaa, siku ya kutahiniwa, nasema kweli. Shahada waichukue, wamvishe Harmsen.

Ijumaa, 15 Juni — chooni, ghorofa ya chini

Naandika nyuma ya ratiba ya sherehe.

Maswali ni dakika arobaini na tano, hazizidi. Mshika fimbo wa chuo akiingia na kutangaza kwa Kilatini kwamba saa imefika, unanyamaza hapo hapo, hata uwe katikati ya neno. Ndiyo desturi. Goossens alikuwa wa mwisho. "Mtahiniwa mheshimiwa, wale tisa walifanya nini?"

Nilifungua kinywa. Wallahi nilikifungua! Nikasema, "Mtahini mheshimiwa, wale tisa wali—"

Fimbo, puu! Saa imefika. Ukumbi mzima ukacheka. Hata mimi nilicheka. Na moyoni nilishukuru, ndiyo, nilishukuru, mwoga mimi. Nusu saa baadaye nikapokea shahada kwa mikono miwili. Mama analia chini ya kofia yake.

Halafu tafrija. Mama Aaltje huyo, na sinia la kababu, mpaka kwangu na Goossens.

"Daktari wetu! Kitabu chako nimekisoma chote, mbona sijajiona? Mnasema wa chumba cha saa walioinama ni kumi na wawili, nikaenda kwenye hesabu zenu za waliotolewa, eti hawakuwa makini. Sasa mie niliinama au niliota?"

Goossens akaweka glasi yake mezani, taratibu. "Mama, ukutani palikuwa na saa?"

"Tena ya kelele! Nilivua miwani niifute, niione saa vizuri. Nilikuwa na supu jikoni."

Nikasema naomba kidogo, naenda haja.

Harmsen ameshakuja kunong'ona mlangoni. Eti nitoke, nitabasamu, yule mama ni mtu mzima, anachanganya mambo. Ameondoka.

Sasa mlango unagongwa. Si yeye.

"Binti! Unaumwa? Yule mgeni wako bado anasubiri. Anauliza mie nilikuwa namba ngapi. Nimesahau. Wewe unakumbuka?"

Hamsini na mbili.

Anagonga tena.