Maji Ndani ya Mabomba ya Ndege

Mzee Laurenti,

Shikamoo. Najua hutaitikia. Hata ulipokuwa mzima, ukishainamia bomba na tochi yako ulikuwa huitikii, kwa hiyo sioni tofauti kubwa.

Umeniudhi, Mzee. Uliniita kutoka Singida nije kukushikia vyuma kwa muda mfupi tu, tukaunda fremu ya ndege nyuma ya nyumba yako hapa Bweranyange, katikati ya migomba, watu wakitucheka. Halafu ukafa. Tena umekufa tumemaliza kuchomelea na hatujatia mafuta ya kuzuia kutu ndani ya mabomba, kazi uliyosema mtu mwingine asiiguse.

Unakumbuka nilivyolalamika? Kila bomba, kabla ya kulichomelea, nivute kwa kamba kitambaa chenye thina, ile ya kuyeyushia rangi, kiingie huku kitokee kule. Nikikuonyesha unasema, "Bado cheusi." Navuta tena. "Bado." Nikakuuliza nani atakuja kuchungulia humo. Ukasema, "Kutu ya nje utaiona uigombeze. Ya ndani itakungoja ukiwa juu." Nikavuta tena, ila moyoni nilikutukana, sikufichi.

Sasa sikia. Juzi, siku moja kabla ya kumaliza matanga yako, nilikwenda Omurushaka kuchukua yale mafuta ya kitani uliyoagiza dukani. Narudi, namkuta mdogo wako Deo amekunja suruali, ndoo mkononi, ameiosha fremu nzima kwa maji na sabuni! Inameremeta. Na vile vitundu ulivyotoboa vya kumiminia mafuta vilikuwa wazi, vinadondosha maji.

"Waitu, ndugu yetu, mbona umenuna?" ananiuliza. "Kesho wageni wanakuja. Nimemsafishia marehemu ndege yake."

Amefiwa. Nikasema asante, nikaenda shambani nikapiga mgomba teke. Mguu unaniuma mpaka leo.

Ningeweza kumimina mafuta juu ya maji hayo hayo, nikaziba vitundu, nikapanda basi la kwetu. Nani angejua? Lakini mwanao Anatoli amesema ataimalizia, na ndiye atakayekaa ndani yake. Huyo ndiye aliyenizuia. Wewe nilikuwa nimeshakuchoka.

Basi nikaiinamisha fremu huku na huku mpaka maji yakaacha kutiririka. Nikapuliza kila kitundu kwa pampu ya baiskeli, mashavu yangu nayo yakipuliza kwa hasira. Jana nikaianika juani mpaka chuma hakishikiki. Nikaingiza waya niliouzungushia pamba. Ukatoka mkavu. Nikarudia, maana nilikusikia: "Bado."

Nikamimina mafuta ya moto. Sasa ikabaki kuigeuza fremu polepole, juu chini, ili mafuta yafike kila kona. Ulisema tutaigeuza wawili kwa kamba. Wawili gani, Mzee? Nikawaendea waombolezaji waliokaa kwenye nyasi na rubisi yao, pombe ya ndizi, wale wale waliolibeba jeneza lako, wale wale waliotucheka. Wakainuka wakinung'unika.

"Yeye mwenyewe alikuwa mwepesi kuliko hili dude!"

"Geuzeni taratibu, asije akaamka akatugombeza!"

Deo alicheka mpaka akalia, kisha akalia kweli. Nikawaambia wasimame, nikalaza sikio kwenye bomba la mgongoni. Yakasikika mafuta yakitembea humo ndani, yanaingia kwenye kiungo, yanatokea kingine. Nikamwita Deo naye asikilize. Wakaja wote, mmoja mmoja, kila mtu na sikio lake kwenye chuma. Deo ndiye aliyeuliza, "Kumbe ndani kuko wazi hivi? Basi maji yangu..." Nikamwambia yameshatoka.

Mafuta yaliyozidi tumeyachuruzisha yakatoka. Vitundu nimeviziba kwa misumari ya ribiti, cha mwisho amekigonga Anatoli. Kesho naondoka. Nimechoka, Mzee, nimewamiss watoto wangu, na mikono yangu inanuka thina hata nikila.

Ila nakuahidi jambo moja. Siku Anatoli akiniita kuijaribu, nitakuja, mimi ninayeogopa hata ngazi, na kiti cha nyuma nitakaa mimi. Humo ndani ya mabomba napajua.

Kwaheri, Mzee wangu. Kitambaa kimetoka cheupe. Zima tochi.

Mnyiramba wako,
Yohana