Macho ya Mkamwana Wangu

Mbeya, Alhamisi. Ukungu haujainuka tangu asubuhi, na baridi hii ya Julai imeingia mpaka kwenye meno. Ningependa kusema natetemeka kwa baridi.

Natetemeka kwa woga.

Bwana afya mzima, mwenye mvi na kitambi, ninayetumwa wodini kuwaeleza watu mambo bila kuwatisha, leo nimejificha nyuma ya jiko la hospitali kama mwizi wa kuku.

Nianze vizuri. Dawa mpya za kifua kikuu sugu zilikaa stoo tangu mavuno ya mwaka jana, tukingoja kibali kutoka Dar es Salaam. Matibabu ya zamani ni sindano na vidonge kwa mwaka na nusu, na wengi huchoka njiani wakarudi shamba. Hizi mpya zinajaribiwa tuone kama zitaponya kwa muda mfupi zaidi. Kibali kimefika mwezi huu. Sasa kinachokosekana ni wagonjwa wa kukubali kuzijaribu. Dakta wetu, kijana mwema mwenye haraka, kila asubuhi ananiuliza nimempatia nani, kana kwamba nafuga wagonjwa nyumbani.

Kumbe ninaye. Wiki iliyopita makohozi ya Atuganile yalikutwa na ugonjwa. Atuganile ni mke wa mwanangu Ambakisye, ambaye yuko Mafinga kwenye kazi ya mbao.

Kwetu Unyakyusa mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Tangu aolewe nimeuona mgongo wake tu, na khanga ikipinda kona. Sauti yake naijua kwa kuisikia ukutani.

Asubuhi Dakta alinishika mkono mpaka kitandani kwa mkamwana wangu. Atuganile akajifunika blanketi gubigubi. Dakta akaeleza, nami nikatafsiri kwa Kinyakyusa nikiwa nimegeukia dirisha, naongea na kioo. Je, atakubali kuzijaribu?

“Ndiyo,” likasema blanketi.

Dakta akafurahi. “Mzee una baraka. Kesho anaanza.”

Sista Tusekile, muuguzi wa zamu, binti wa kwetu asiyeniogopa hata kidogo, akaninong’oneza: “Hata ungemuuliza kama tumkate mguu angesema ndiyo, baba. Wewe angekukataliaje?”

Hapo ndipo woga ulipoanza.

Maana kuna neno ambalo wagonjwa wote huwa nawaambia kwa sauti laini: huenda. Huenda dawa ikasumbua ini. Macho yakianza kuwa ya manjano, tunaisimamisha mara moja. Na anayewatazama macho kila siku ni mimi. Navuta kope chini, nageuzia uso kwenye mwanga. Katika hospitali nzima ni kazi pekee ambayo Dakta hanisahihishi.

Yule mmoja siwezi kumtazama.

Nikamwomba Dakta kwamba Atuganile aulizwe upya, mimi nisiwepo.

“Si ameshasema ndiyo, Mzee?”

“Amemwambia baba mkwe, Dakta. Wewe hajakujibu.”

Akatazama saa, akakuna kichwa, akamtuma Sista. Mimi nikaenda nyuma ya jiko, kwenye moshi na maganda ya ndizi, wapishi wakiniuliza kama nimeachishwa kazi.

Sista alikawia. Nikawa napanga maneno ya kumwambia Ambakisye kama mambo yakiharibika. Hayakupangika.

Aliporudi alikuwa anacheka. “Amefunua uso. Ana maswali kuliko wewe na Dakta. Anauliza, akianza halafu akaona vibaya, ataruhusiwa kuacha? Dawa ikimdhuru, nani atamlea mtoto? Na akikataa, baba atakasirika?”

“Mwambie hata nikikasirika hatauona uso wangu,” nikasema.

Sista akacheka tena. Mimi sikuweza. Nikamwambia arudi amwambie sitakasirika, na mtoto ni wetu sote, na kuacha anaruhusiwa siku yoyote.

Atajibu kesho, mama yake akishafika kutoka Tukuyu. Dakta amekubali kungoja, kwa uso wa mtu aliyeachwa na basi.

Sasa naogopa pande zote mbili. Akikataa, ni sindano mwaka na nusu, na yule binti namjua, atachoka. Hapana, simjui. Namjua mgongo. Akikubali, ni ile huenda.

Kabla ya kutoka kazini nimemfundisha Sista: kope chini, mwanga wa dirisha, siyo wa taa, maana kwenye taa macho ya kila mtu ni ya manjano. Akajaribia kwangu. Akasema yangu ni mekundu tu, nikapumzike.

Kesho nitapitia njia ya jikoni, wapishi wanicheke wanavyotaka. Akikubali, kila asubuhi Sista ndiye atakayemtazama macho. Mimi nitasimama koridoni, nimtazame Sista usoni akitoka.