Mwanasesere wa Uzi Mwekundu

Kisian, Jumatatu

Mjukuu wangu Wendy,

Natumaini wewe na mama yako hamjambo huko Port Victoria. Huku mvua imenyesha na mahindi yamechipua.

Nimewapata wanasesere wako watatu wanaosema, kati ya wale niliompa Dorca wa mitumba siku ile niliposhikwa na hasira. Alinicheka: "Mzee, umerudi tena? Kwani unacheza nao wewe mwenyewe?"

"Mimi ni mkaguzi, Mama," nikamjibu.

Nimewakagua kama ulivyozoea kufanya kwenye video zako za simu, kwa alama kati ya kumi. Rubani wa ile filamu ya mwezini ana sauti safi, alama nane. Mchawi hukwama katikati ya sentensi, alama tatu. Binti mfalme, yule uliyemshona mkono kwa uzi mwekundu, nilimtia betri mpya akaimba wimbo wote. Huyo sikumpa alama. Nilikosea kumtoa, kwa hiyo sina haki ya kumkagua.

Kila nikipiga simu, mama yako husema umetoka. Sitapiga tena. Likizo ikifika, njoo umkague binti mfalme wewe mwenyewe. Ukitaka, unikague na mimi.

Babu yako,
Joram Oyugi