Ushindi wa Sita

Jumamosi, 30 Novemba
Tumefungwa 21–20, mechi ya mwisho ya msimu wa mpira wa Kimarekani hapa chuoni. Tumeshinda tano, tumepoteza saba. Kuingia mechi za baada ya msimu kunahitaji ushindi sita. Basi.
Zilibaki sekunde nne. Kiki ya yadi thelathini na moja, ikiingia tunashinda — Finn Kowalczyk huzifunga hata akiwa na usingizi. Kazi yangu ni moja: nainama, naurusha mpira nyuma katikati ya miguu. Tibbs anaudaka, anausimamisha, Finn anapiga. Niliurusha chini mno. Tibbs akauzoa kwenye nyasi, akachelewa kidogo tu. Mpira ukapita kulia kwa mlingoti.
Uwanja mzima ulimzomea Finn.
Bafuni Tibbs kaninong'oneza: "Haverkamp, uliurusha chini." Halafu: "Mimi sisemi." Sihisi kitu.

Jumapili, 1 Desemba
Nyumbani. Nyama ya bata mzinga wa sikukuu ya Shukrani, ile ya Alhamisi, bado haijaisha.
Baba: "Cory, ile hata bibi yako angefunga, na goti lake bovu!"
Mama: "Mwacheni mtoto wa watu."
Nikaomba pai ya boga. Vipande viwili. Kama kula karatasi.

Jumatatu, 2 Desemba
Nilidhani leo Kocha Breland atatuonyesha video ya mechi. Nilikaa nyuma, nikangoja. "Video ya nini? Msimu umeshazikwa," akasema, akazima taa.
Mlango wa Finn umepigwa mayai. Kabati lake tupu. Amerudi kwao Duluth bila kuaga.

Jumatano, 4 Desemba
Bi Pohl, anayesimamia masomo yetu, katukamata koridoni mimi na Tibbs. Timu zenye ushindi sita hazitoshi mwaka huu! Nafasi mbili zimebaki wazi. Zinajazwa na timu za ushindi tano — zile ambazo wachezaji wao hawafeli wala hawaachi chuo. Na sisi ni wa pili kwenye orodha.
"Mama, usitutanie. Sisi hawa?" Tibbs kamuuliza.
"Nyinyi hawa hawa. Mshukuruni Kowalczyk."
Kweli. Miaka mitatu Finn ametufundisha somo la takwimu, kila Jumanne, bure, kwenye kochi lake lililotoboka. Watu sita tungekuwa tumeshatimuliwa chuo. Mimi wa kwanza.
Tibbs aliangalia viatu vyake. Nami nikaangalia viatu vya Tibbs.
Ila kuna timu moja ya ushindi tano ina kiporo, mechi iliyoahirishwa, Jumamosi. Ikishinda inafikisha sita, na nafasi yetu imeliwa.

Ijumaa, 6 Desemba
Theluji. Nimelala kwa muda wa saa kumi na moja. Nimeandika ujumbe kwa Finn, nimeufuta.

Jumamosi, 7 Desemba
Tumeangalia kiporo timu nzima, ukumbini. Niliomba washinde. Nimeandika, basi — niliomba wale washinde, sisi tubaki nje, mambo yaishe.
Wamefungwa 34–10. Watu wakarukiana, kiti kikavunjika. Nilipiga makofi. Nilijiona nikipiga makofi.

Jumapili, 8 Desemba
Tumeitwa! Mechi ni tarehe 27, huko kusini kwenye joto. Baba kapiga simu, analia kwa furaha, ameshatafuta hoteli. "Ila mpate mtu mwingine wa kupiga," akasema.
Kocha hataki mwingine. "Haverkamp, wewe ndiye rafiki yake. Mpigie umrudishe. Leo."
Nimekaa chumbani saa nzima. Kisha nikapiga.
"Na wewe umepiga kunitukana?" Finn.
"Tumeingia."
"Kwa ushindi tano? Acha utani."
"Kwa masomo. Bi Pohl anasema ni wewe umetubeba."
Akacheka kidogo, vibaya. Akasema hajafungua televisheni tangu siku ile, wala hafungui. Akasema habari za mayai anazijua. Akasema anaweza kurudi, labda, kama mtu atamwelewesha kitu kimoja.
"Cory. Kichwa kilikuwa chini, macho kwenye alama pale Tibbs anapousimamisha mpira, kama kawaida. Nikaona mpira umechelewa. Au niliwahi mimi? Kila usiku najiuliza. Wewe ulikuwepo. Niliwahi?"
Nimeiweka simu mezani, spika iko wazi. Naandika hapa kwa sababu mkono unataka kufanya kitu.
"Cory? Upo?"
Nimemwambia nipo.
Anangoja. Nasikia anavyopumua. Nimemwambia: "Hukuwahi, Finn. Niliurusha chini mimi."